Seli za Mshono wa Ubongo na Pumzi ya Mtoto Mwenye Degedege

Msikilizaji wangu uliyeko Ubena, Chalinze, Msata, Kiwangwa na Bagamoyo mjini, leo nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo sana kilichomo kichwani mwako, ambacho siku hizi kina jina kubwa kuliko kinavyoeleweka. Kinaitwa serotonini. Jina hili bila shaka limekwisha kukufikia, maana kwenye simu zetu linazunguka usiku na mchana kama kemikali ya furaha. Kula ndizi upate serotonini. Ota jua upate serotonini. Nunua kopo hili la unga, huzuni itakwisha. Muuzaji anauza na mnunuzi ananunua, kwa sababu mtu aliyeelemewa na huzuni hana nguvu ya kuuliza maswali mengi.

Mimi naona mazungumzo haya yameanzia pasipo penyewe. Kabla ya kuzungumzia furaha, tujue kwanza seli zinazotengeneza serotonini ziko wapi na kazi yake ni ipi. Tukizijua hizo, tutaona kwamba zinagusa jambo ambalo watu wa Pwani tunalijua kwa machozi: mtoto kushikwa na degedege, macho yakageuka juu, mwili ukakakamaa, pumzi ikakatika.

Peleka mkono wako kisogoni, pale shingo inapokutana na fuvu. Ndani ya hapo, kuelekea katikati ya kichwa, ndipo lilipo shina la ubongo. Urefu wake unakaribiana na wa kidole gumba cha mtu mzima. Juu yake umekaa ubongo mkubwa wenye fikra, kumbukumbu na lugha, na chini yake unashuka ugwe wa mgongo. Amri zote zinazotoka kichwani kwenda mikononi na miguuni zinapita humo. Madaktari huligawa shina hili sehemu tatu: juu ni ubongo wa kati, katikati ni ponsi, chini kabisa ni medula. Jeraha dogo likitokea kwenye ubongo mkubwa, mtu anaweza kuishi nalo miaka bila kulijua. Jeraha la ukubwa huohuo likitokea ndani ya shina, anaweza kupoteza fahamu, kushindwa kumeza, au kufa.

Sasa shina hili lina upande wa kushoto na upande wa kulia, na pale pande mbili zinapokutana pana mstari wa katikati ambao wataalamu wa anatomia wanauita rafe, yaani mshono. Kandokando ya mshono huo, kuanzia ubongo wa kati hadi mwisho wa medula, ndipo zilipojipanga seli za neva zinazotengeneza serotonini. Karibu zote ziko hapo. Ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86. Seli za serotonini ni laki chache tu. Kishada kikubwa kuliko vyote kiko mgongoni mwa mshono, ndani ya ubongo wa kati, chini kidogo ya kijifereji kinachopitisha maji ya ubongo. Watafiti walikihesabu kwa hadubini wakakuta seli za neva zipatazo 235,000 kwa mtu mmoja, na karibu asilimia 70 ya hizo ndizo zinazotengeneza serotonini. Kishada cha pili kiko chini yake. Viwili hivi, pamoja na vijishada jirani, vina sehemu kubwa ya seli zote za aina hii. Zilizobaki, chache zaidi, zimo ndani ya medula, na hizo chache ndizo zinazonifanya niseme nanyi leo.

Zilijulikanaje? Serotonini yenyewe ilitengwa kutoka kwenye damu mwaka 1948 huko Cleveland, Marekani, na Maurice Rapport, Arda Green na Irvine Page. Walikuwa wakitafuta kitu kinachobana mishipa ya damu, na furaha haikuwamo mawazoni mwao hata kidogo. Kabla yao Mwitaliano Vittorio Erspamer alikwisha kukiona kitu hichohicho kwenye matumbo. Mwaka 1953 mwanamke mmoja mtafiti, Betty Twarog, akiwa na Page, akatangaza kwamba kimo pia ndani ya ubongo. Lakini ndani ya ubongo wapi? Swali hilo lilingoja zaidi ya miaka kumi.

Jibu lilipatikana Stockholm, Sweden, mwaka 1964, kwa kazi ya vijana wawili, Annica Dahlström na Kjell Fuxe. Nataka uione kazi hiyo kwa karibu, kwa kuwa inanivutia kila ninapoifikiria. Walichukua ubongo wa panya, wakaugandisha kwa ghafla, wakaukausha ukiwa umeganda vivyo hivyo, kisha wakauweka ndani ya chombo chenye mvuke wa fomaldehidi uliopashwa moto. Mvuke huo unaungana na serotonini na kuigeuza kitu kinachong'aa. Baada ya hapo waliukata vipande vyembamba, wakaviweka chini ya hadubini yenye mwanga wa zambarau. Humo gizani, seli fulani ziling'aa kijani, hizo zikiwa na kemikali nyingine za jamii ya adrenalini. Nyingine ziling'aa manjano, na manjano hiyo ilififia upesi mno, ikabidi waitazame na kuiandika kabla haijapotea. Manjano ndiyo serotonini. Wakaifuata kipande kwa kipande, wakakuta imejipanga kwenye mshono, wakavipa vishada namba kuanzia B1 chini kwenye medula hadi B9 huko juu. Namba hizo zinatumika mpaka leo, hata kwa ubongo wa binadamu.

Unaweza kuuliza: seli laki chache zinawezaje kuwa na maana mbele ya bilioni 86? Jibu limo katika nyuzi zake. Kila seli inatoa uzi mwembamba unaojigawa matawi maelfu, ukapita huku na huku mpaka karibu kila pembe ya ubongo ikafikiwa. Na tofauti na neva nyingi zinazopeleka ujumbe kwa majirani walioungana nazo tu, nyingi za nyuzi hizi huachia serotonini njiani, kwenye vivimbe vidogo vidogo, ikatawanyika yenyewe kati ya seli zilizo karibu. Ni kama udi uliochomwa kwenye chetezo chumbani: hauendi kwa mtu mmoja, unabadilisha hali ya chumba kizima. Ndiyo maana serotonini haina kazi moja. Inapunguza au kuongeza sauti ya kazi nyingine: usingizi, hamu ya kula, maumivu, hasira, joto la mwili, pumzi. Kwa paka waliochunguzwa wakiwa macho, seli hizi hupiga taratibu, mara moja hadi tatu hivi kwa sekunde, bila haraka. Paka akisinzia, zinapunguza mwendo. Akiingia kwenye usingizi wa ndoto, zinanyamaza karibu kabisa.

Vishada vya juu vinatuma nyuzi zake kwenye ubongo mkubwa. Vya chini, vilivyomo ndani ya medula, vinatuma nyuzi kushuka kwenye ugwe wa mgongo. Kimoja kati yake kina kazi ya kupunguza maumivu: mtu amekatwa na panga shambani, akakimbia hadi barabarani bila kusikia maumivu makali mpaka alipoketi. Sehemu ya siri hiyo iko hapo. Vingine viwili vimekaa jirani na seli zinazoendesha pumzi, ulimi na kiwambo cha kifua. Na kwa wanyama waliochunguzwa, mshono huohuo wa medula ndimo inamopita amri ya kutetemeka homa inapopanda. Kila aliyewahi kutetemeka kwa malaria chini ya mablanketi mawili, meno yakigongana, amekwisha kuijua kazi ya sehemu hii bila kuijua kwa jina.

Tuje kwenye chakula, maana najua Kiwangwa mnanisubiri kwa habari ya nanasi. Nanasi lina serotonini, ni kweli. Ndizi zina serotonini, na ndizi za kupika zina nyingi zaidi. Lakini serotonini inayoliwa haiingii kwenye ubongo. Mishipa ya damu ya ubongo ina ukuta unaochagua nini kipite na nini kibaki nje, na serotonini inabaki nje. Sehemu kubwa mno ya serotonini ya mwili, zaidi ya asilimia 90, inatengenezwa na kutumika tumboni. Seli za mshono hujitengenezea ya kwao kutokana na triptofani, kipande cha protini kilichomo ndani ya maharage, samaki, mayai na karanga, kwa msaada wa kimeng'enya ambacho aina yake ya ubongoni ilitambuliwa mwaka 2003 tu. Kwa hiyo kula nanasi kwa utamu wake na kwa vitamini zake. Usile ukidhani unajaza ubongo furaha.

Serotonini ya ndizi iliwahi kuwaumiza vichwa madaktari wa jirani zetu wa Uganda. Jack Davies, akiwa Kampala, alieleza mwaka 1948 ugonjwa wa moyo ambao ndani yake utando wa moyo unakuwa mgumu kama kovu. Baadaye wengine wakajiuliza: uvimbe fulani wa matumbo unaomwaga serotonini nyingi kwenye damu huacha makovu kwenye moyo, na Waganda wanakula matoke kila siku. Je, matoke ndiyo chanzo? Lilikuwa swali zuri, likachunguzwa Kampala tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini matoke hayakuthibitika kuwa chanzo. Mwili unaisafisha serotonini ya chakula kabla haijafika mbali.

Na huzuni? Nitasema kwa kifupi. Dawa kama fluoksetini huzuia serotonini isirudishwe haraka ndani ya seli iliyoitoa, na watu wengi wenye sonona wamepata nafuu kwa dawa hizo, nafuu inayokuja baada ya wiki kadhaa. Lakini hakuna ushahidi thabiti kwamba sonona husababishwa na upungufu wa serotonini tu. Huzuni nzito ina mizizi katika msiba, ufukara, ugonjwa, upweke, na hata namna mtu alivyozaliwa. Anayetumia dawa hizo kwa maelekezo ya daktari asiziache ghafla kwa kusikia maneno ya redioni, yakiwemo haya yangu. Anayeuza unga wa furaha hana cha kukuuzia.

Turudi kwenye medula, kwenye zile seli chache. Mwili unapotumia chakula unazalisha kaboni dayoksaidi, hewa tunayoitoa kila tunapopumua. Ikizidi ndani ya damu, damu inakuwa na tindikali zaidi, na seli za medula zinahisi. Baadhi ya seli zinazohisi ni hizi za serotonini. Kazi yake ni kuamuru: pumua zaidi, na kama umelala, amka. Mtoto mchanga aliyelala kifudifudi, uso umezama kwenye godoro laini, anavuta tena na tena hewa aliyoitoa mwenyewe. Mwenye seli nzuri anageuza kichwa au anaamka akilia. Huko Boston, Hannah Kinney na wenzake walichunguza kwa miaka mingi medula za watoto wachanga waliokufa ghafla usingizini bila sababu kuonekana. Mwaka 2010 walitangaza kwamba kiwango cha serotonini kwenye medula za watoto hao kilikuwa chini kwa asilimia 26 kuliko cha watoto waliokufa kwa sababu zinazojulikana. Mlinzi alikuwepo, ila alikuwa dhaifu. Kina mama mnaonyonyesha hapa Pwani, mlazeni mtoto mchanga chali. Jambo hilo halina gharama na limeokoa watoto wengi duniani.

Sasa degedege. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Muhimbili na wenzao wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walifanya kazi vijijini hapa wilayani Bagamoyo, katika mradi wa vyandarua vilivyowekwa dawa. Walichokikuta walikiandika, na kilichapishwa mwaka 1996. Wazazi waliijua vizuri homa ya malaria, walijua kwamba inatibiwa hospitali. Lakini degedege walilihesabu kuwa maradhi mengine kabisa, yenye asili yake, yanayohitaji mganga kwanza. Mtoto alifukizwa moshi, akaogeshwa majani, akafungwa hirizi. Ilisemwa pia, na mahali pengine bado inasemwa, kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa.

Sitawacheka wazee wetu kwa hilo. Waliona kwa macho yao watoto waliochomwa sindano wakafa. Lakini tutazame nini kilitokea ndani ya kichwa. Vimelea vya malaria kali vinanasa ndani ya mishipa midogo ya ubongo, na ubongo unavimba. Fuvu halitanuki. Ubongo uliovimba unasukumwa chini, na kitu cha kukandamizwa huko chini ni shina, pamoja na mshono wake na seli zake za pumzi. Huko Blantyre, Malawi, Terrie Taylor, Karl Seydel na wenzao waliwapiga picha za sumaku watoto 168 wenye malaria ya ubongo, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2015. Watoto 25 walifariki, na 21 kati ya hao ubongo wao ulikuwa umevimba vibaya tangu siku walipopokelewa. Miongoni mwa waliopona, wengi ubongo wao haukuwa umefikia hali hiyo, na wengine uvimbe ulishuka upesi.

Sisemi kwamba seli za serotonini peke yake ndizo zinazoamua mtoto aishi au afe. Shina lina seli nyingi za pumzi, na malaria ina njia nyingi za kuua. Ninachosema ni kwamba pumzi ya mtoto huyu inaning'inia kwenye sehemu ndogo ya kichwa isiyosubiri. Mtoto anayefikishwa zahanati baada ya siku mbili za kufukizwa, ubongo umekwisha kuvimba. Akifa baada ya sindano, sindano inalaumiwa. Na moshi wenyewe, kwa mtoto ambaye mlinzi wa pumzi yake amekandamizwa, ni mzigo juu ya mzigo. Sindano ya artesuneti ndiyo iliyothibitika kuokoa: utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliofanywa katika nchi tisa za Afrika zikiwemo hospitali za Muheza na Korogwe hapa kwetu, ulihusisha watoto 5,425. Waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9, waliopewa artesuneti asilimia 8.5. Tofauti hiyo ni watoto wa watu.

Kuna na kifafa. Kule Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati wagonjwa walikuwa wakitengwa na hata familia zao. Wagonjwa 164 wa kliniki hiyo walifuatiliwa kwa miaka 30, na takriban theluthi mbili walikuwa wamefariki, wengi kwa sababu zinazotokana na kifafa chenyewe: kuungua, kuzama, kifafa kisichokatika. Na duniani kote wapo wenye kifafa wanaokutwa asubuhi wamekufa kitandani, mara nyingi kifudifudi. Uchunguzi wa hospitalini uliochapishwa mwaka 2013 na Philippe Ryvlin na wenzake ulionyesha kwamba kwa wengi wao, dakika chache baada ya kifafa kukatika, pumzi husita na kusimama, kisha moyo unafuata. Kwa wanyama, imeonekana kwamba kifafa kinaweza kuzinyamazisha seli za mshono, zile zile zinazopaswa kusema pumua, geuka, amka. Kwa hiyo dawa ya kifafa, hata kama ni ile fenobabitoni ya kila siku inayochosha kumeza, inazuia zaidi ya kuanguka. Usimwachishe mgonjwa dawa kwa kuwa amekaa miezi hajaanguka. Na aliyemaliza kuanguka asiachwe peke yake kifudifudi. Mgeuze ubavu, mguse, muite jina, kaa naye mpaka arudi.

Ombi langu kwenu ni hili. Mtoto akishikwa na degedege, mlaze ubavu kwenye sakafu, mbali na jiko na ukuta. Usimtie kijiko mdomoni, usimmiminie maji wala mafuta, usimbane mikono. Usimfukize. Kama ana homa, ondoka naye saa ileile kwenda kituo cha afya, hata kama degedege limeacha na anaonekana amelala tu. Pale penye dawa ya artesuneti ya kuwekwa njia ya haja kubwa, mtoto mdogo apewe kabla ya safari ya hospitali. Bibi akitaka kumwombea, amwombee njiani. Na mwenye bodaboda aliyenisikia leo, ukigongewa usiku na mama aliyebeba mtoto namna hiyo, anza safari kwanza, nauli mtaizungumza mkifika.